Kosa Lisilo na Mkosaji

Mwalimu wa elimu ya uraia na maadili katika shule moja ya sekondari huku milimani kwetu, kwenye barabara inayopanda kutoka Sake, amenyang'anywa saa zake za kufundisha. Kosa lake ni kuwaonyesha filamu wanafunzi wa mwaka wa nne wa humanite, mwaka wa mwisho wa sekondari. Shule siitaji, na mwalimu simtaji, maana ana watoto wa kulisha. Nilikuwepo katika kikao cha komiti ya wazazi jambo hilo lilipoamuliwa. Nilisema niliyoweza, nikashindwa kwa wingi wa mikono iliyoinuliwa. Hasira ile haijanitoka, na nimeona afadhali niitumie kufikiri kuliko kuiacha inichachie kifuani.

Filamu yenyewe ni Examen d'État ya Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani, iliyotoka mwaka 2014. Inawafuata wanafunzi wa Athénée Royal ya Kisangani katika miezi ya kuelekea mtihani wa serikali. Wasiolipa prime, ile nyongeza ambayo wazazi wanawachangia walimu, wanatolewa darasani. Waliotolewa wanajikusanya, wanapata nyumba, wanaiita maki, wanalala humo na kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Yupo anayebeba mizigo sokoni ili apate cha kutia mfukoni. Siku zinapokaribia, wanakwenda kuombewa, wanatafuta dawa za bahati, na mwisho wanatafuta majibu ya mtihani kwa fedha. Hamadi haweki sauti ya kutueleza tufikiri nini. Anakaa nao tu, kamera begani, mpaka mwisho.

Mwalimu wetu aliazima projekta Goma, akaleta kompyuta na betri ya sola, akatundika shuka jeupe juu ya ubao. Katikati ya filamu mvua ikaanza kupiga mabati, sauti ikamezwa, wanafunzi wakanyanyua madawati wakasogea mbele hadi magoti yakagusana, wakawa wanasoma midomo na maandishi. Ilipokwisha, akaandika swali moja ubaoni: Nani amekosa? Wakajibishana. Msichana mmoja akanyoosha mkono, akauliza: Mwalimu, na mimi nilipotolewa juma lililopita, nani alikuwa amekosa? Kabla ya jioni swali hilo lilikuwa limefika kwa Bwana Prefe, mkuu wa shule, na kabla ya Jumapili lilikuwa limefika kwetu sote.

Maadili ni nini na sera ni nini sitakaa kueleza. Msomaji anajua kwamba maadili yanahusu jema na baya, na sera ni maamuzi ya wenye mamlaka juu ya mali na maisha ya watu wengi. Vitabu vimejaa fafanuzi hizo na hakuna anayezipinga. Shida inaanza pale mambo haya mawili yanapokutana mlangoni mwa darasa, mtoto akiwa nje na daftari lake mkononi.

Tazama jinsi tunavyowafundisha watoto jema na baya. Tunawapa ngano za sungura na fisi, mifano ya kanisani, methali, habari za mtoto mkaidi aliyepotea msituni. Katika kila moja yupo mkosaji, naye ana jina. Fisi alikuwa mlafi, fisi akaangamia. Mtoto anakua akiamini kwamba pakiwa na kosa pana mtu aliyelifanya, na kwamba kazi ya dhamiri ni kumtafuta mtu huyo na kuhakikisha si yeye. Kwa mambo ya nyumbani na ya mtaani mafunzo hayo yanatosha. Hayatoshi hata kidogo kwa jambo lililompata yule msichana.

Maana tumfuatilie mkosaji wake. Prefe ndiye aliyesoma orodha ya wasiolipa. Lakini Prefe ana walimu wanaomtazama kila mwisho wa mwezi, na baadhi yao ni wale tunaowaita NP, wasio kwenye orodha ya mishahara ya serikali, ambao wakikosa prime hawana chochote. Mwalimu naye anaipokea fedha ile kutoka kwa mzazi ambaye ng'ombe wake walikwenda na vita. Je, mwalimu ni mnyang'anyi? Anapika kwa nini, anapanga nyumba kwa nini? Basi tupande hadi serikali. Mishahara ya walimu ilianguka enzi za Mobutu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990, shule zilipofungwa kwa migomo, wazazi na maaskofu wakakubaliana kwamba wazazi wachange ili masomo yasife. Walikuwa watu wema wakizima moto. Lakini mpango wa dharura uligeuka kuwa mfumo, na sehemu ya michango ikaanza kupanda ngazi hadi ofisi za juu, kila ofisi ikikata fungu lake kwa karatasi zilizopigwa mihuri halali. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ikatangaza elimu ya msingi kuwa ya bure na ya lazima. Mwaka 2019 serikali ikaanza kuitekeleza, madarasa ya msingi yakafurika. Sekondari haikuguswa. Aliyeandika kifungu alikuwa na sababu zake, aliyekitekeleza alikuwa na bajeti yake, Prefe ana orodha yake, mwalimu ana njaa yake. Mnyororo mzima hauna pingili inayokosa udhuru. Na kule mwisho wa mnyororo amesimama msichana getini, ambaye juma lililotangulia alinakili daftarini kwamba elimu ni haki ya kila mtoto, akapata alama nzuri.

Hilo ndilo ninaloliita kosa lisilo na mkosaji, na nadhani sehemu kubwa ya yale tunayoyaita mambo ya sera iko humo. Ni ubaya unaofanywa na watu wenye mikono safi, kila mmoja akitimiza wajibu wake mdogo. Kitabu cha elimu ya uraia hakiwezi kuuonyesha, kwa sababu kitabu kinaeleza mamlaka moja baada ya nyingine, kila moja na kazi zake, kama vile haziguswi na njaa. Filamu inaweza. Haihitaji maneno makubwa, inahitaji muda na nyuso tu. Unamwona mwanafunzi aliyetolewa, unamchukia aliyemtoa. Kisha unamtazama aliyemtoa kwa muda, unaona kola iliyochakaa, na chuki inakosa mahali pa kutua. Anayetazama kwa makini analazimika kuendelea kutafuta, mbele ya uso ulio karibu naye. Kumzoeza kijana wa miaka 17 asitosheke na mkosaji wa karibu ni sehemu kubwa ya elimu ya uraia, pengine ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, na huku kwetu, ambako mkosaji wa karibu mara nyingi hutafutwa kwa kabila lake, ni elimu inayookoa roho za watu.

Zipo pingamizi za haki. Mwalimu anayeuliza maswali ya utawala mahali ambapo utawala umebadilika kwa bunduki anaweza kudhurika, na hakuna mzazi anayeweza kumlazimisha awe shujaa. Filamu yaweza kufumbua majeraha ya mtoto, na shule zetu hazina wa kumtuliza. Saa zinazotumika kutazama hazitumiki kwa hesabu na Kifaransa, ambavyo mtihani utaviuliza kweli. Pingamizi hizo nazipokea, na ningezijadili na mtu yeyote kwa heshima.

Lakini hazikutumika katika kikao. Iliyotumika, iliyopigiwa makofi na kumkatia mwalimu saa zake, ni hii: filamu inaonyesha wanafunzi wakitafuta majibu ya mtihani kwa fedha, kwa hiyo inafundisha wizi wa mtihani. Baba mmoja, mzee wa kanisa ninayemheshimu kwa mengine yote, alisimama akasema: Ndugu zangu, ukimwonyesha mtoto mwizi, umemfundisha kuiba. Akaketi. Hakuongeza neno, kana kwamba jambo limekwisha.

Nimelala na sentensi hiyo na kuamka nayo. Nataka kuitendea haki, kwa hiyo nitaifuata hadi inakotaka kwenda.

Kama kuonyesha uovu ni kuufundisha, basi mzee wetu afunge mafunzo ya Jumapili. Humo watoto wa miaka saba wanasimuliwa jinsi ndugu walivyomuuza Yosefu, jinsi mfalme Daudi alivyomtwaa mke wa Uria na kumpeleka Uria mbele ya vita afe, jinsi mwanafunzi mmoja alivyokula na bwana wake na kumsaliti usiku uleule. Sijasikia mzazi akilalamika kwamba mwanawe amejifunza kuuza ndugu. Nilimwambia mzee hivyo kikaoni. Akanijibu upesi: Lakini humo mwovu anaadhibiwa.

Nilimshukuru, kwa sababu hapo alifichua lililokuwa chini ya mkeka. Hakuwa anapinga kuonyesha uovu. Alikuwa anadai adhabu mwishoni. Anataka mwizi akamatwe kabla taa hazijawashwa, ili mtoto atoke na hesabu iliyofungwa. Na Hamadi hakuifunga hesabu. Aliishia pale maisha yalipoishia, mtihani ukiwa umefanywa, wengine wakifurahi na wengine wakilia.

Sasa nauliza: mtoto wa huku kwetu Mushaki tunamfundisha nini tunapomwambia kila mara kwamba mwovu anakamatwa? Mushaki ni vilima vya malisho, majani mafupi, mikaratusi, ukungu wa asubuhi, maziwa yanayogeuzwa jibini na kuteremshwa Goma. Ni pia mahali ambapo palikuwa na kambi ya kuchanganya wapiganaji wa zamani ili wawe jeshi moja. Mnamo Disemba 2007 jeshi la serikali na waasi wa Nkunda walipigania kilima hicho, kikachukuliwa, kikachukuliwa tena. Mwezi wa pili 2023 wakaingia waasi wa M23. Wakaja Warundi wa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo M23 wakarudi. Watu walikimbilia kambi za kandokando ya Goma, na mapema 2025 kambi zilipovunjwa wakapanda tena mlima kutafuta mahali nyumba zao zilipokuwa. Mtoto aliyezaliwa wakati wa vita vile vya 2007 ndiye anayekaa leo mwaka wa nne wa humanite. Ameona mengi yakifanywa, na ameona wachache mno wakiulizwa.

Mtoto huyo ukimletea hadithi ambayo mwizi hukamatwa daima, hatakuita mwongo, ana adabu. Atafanya jambo baya zaidi. Atafungua madaftari mawili. Katika moja ataandika maadili ya shule, ambayo ni ya nchi nyingine, na ataandika majibu yanayotakiwa ili apate alama. Katika la pili ataandika anayojifunza barabarani, kwenye kizuizi, sokoni, na hilo ndilo atakaloishi nalo. Madaftari hayo hayatakutana tena. Viongozi waliotuangusha wengi wao walisoma shule nzuri za mapadri na walipata alama nzuri za maadili. Hawakukosa kuambiwa kwamba wizi ni dhambi. Walilikosa somo ambamo daftari la pili linafunguliwa mezani mbele ya mwalimu.

Na wanafunzi walisema nini hasa juu ya ule wizi wa mtihani? Nimewauliza, kwa sababu kikao hakikuwauliza. Mvulana mmoja aliwatetea: waliwatoa darasani, wakawanyima somo, kisha wakawadai mtihani wa somo hilohilo, basi wa kwanza kuiba ni nani? Msichana mwingine alimpinga kwa ukali. Alisema mle ndani ya maki wapo waliosoma kweli hadi usiku wa manane, na anayenunua majibu hamwibii waziri, anamwibia jirani aliyelala naye mkeka mmoja, kwa sababu cheti chao wote kinashuka thamani. Mvulana akanyamaza, kisha akasema: Basi tungewaambia wote wagome. Msichana akasema: Na mwaka ungepotea wa nani? Hawa ndio watoto waliofundishwa kuiba. Nimekaa katika mikutano ya watu wazima wenye shahada ambayo haikufika nusu ya hapo.

Lipo jambo jingine ndani ya pingamizi ile, na nadhani ndilo linaloifanya iniudhi kiasi hiki. Hakuna kitu ndani ya filamu ambacho wanafunzi hawakukijua. Kila mmoja alijua kutolewa darasani. Kila mmoja alijua bei ya jibu. Lakini kila mmoja alikijua peke yake. Yule msichana, juma alilotolewa, aliamini kwamba ni aibu ya nyumbani kwao, kwamba baba yake ni dhaifu, kwamba wenzake waliobaki ndani wana baba bora. Alijificha njia nzima ya kurudi. Siku ya filamu aliwaona vijana wa Kisangani, mamia ya kilomita kutoka hapa, wakitoka mlangoni kwa namna ileile, kwa orodha ileile. Akageuka, akaona nusu ya darasa inatazama chini. Aibu yake ikawa si yake tena peke yake. Nadhani swali la sera huzaliwa saa hiyohiyo, mtu anapogundua kwamba jambo aliloliona fedheha ya nyumbani kwake ni mpango unaowagusa wote, na kwamba mpango umefanywa na watu, kwa hiyo watu wanaweza kuulizwa. Kuona pamoja kulileta jambo ambalo kuona peke yake kwa miaka yote hakukuleta.

Wenye mamlaka wanalielewa hilo haraka kuliko wanafalsafa. Mwaka 2015 serikali ya Kinshasa ilizuia filamu L'homme qui répare les femmes, ya Thierry Michel na Colette Braeckman, juu ya Daktari Denis Mukwege na wanawake wanaotibiwa katika hospitali ya Panzi, Bukavu. Zuio liliondolewa baada ya wiki chache. Lakini nani wa Kivu alikuwa hajui yaliyomo? Wanawake waliyajua kwa miili yao. Kilichokuwa kipya ni watu kukaa ukumbini na kuyajua kwa pamoja, taa zikiwashwa kila mtu akimwona jirani yake amelia. Mzee wetu wa kanisa anadhani anawalinda watoto na wizi. Naona anakilinda kikao na swali.

Hapa niruhusiwe kuingia kijia ninachokipenda, kwa sababu fikra hii ya kwamba watazamaji wetu ni dhaifu, wataiga chochote watakachoonyeshwa, ina ukoo wake. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha jaribio la sinema kwa ajili ya Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35, wakazizungusha kwa gari kutoka Tanganyika hadi Nyasaland na Rodeshia ya Kaskazini, na maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yakichezwa kwa santuri. Moja ilisifu benki ya akiba ya posta: mtu aliyefukia fedha zake ardhini aliibiwa, aliyeziweka posta alisalimika. Nyingine ilihusu kodi. Tafakari hilo. Miaka 90 iliyopita filamu ya sera ya umma ilionyeshwa Afrika Mashariki kwa Kiswahili. Ilieleza kodi inafanya nini. Sijui swali gani lingeweza kufuata pale ambapo mtazamaji angetaka kuuliza nani aliiamua na kwa idhini ya nani, maana jaribio lile halikujengwa kwa ajili ya maswali ya namna hiyo. Upande wetu, Wabelgiji walitoa amri mwaka 1945 ya kumzuia Mwafrika asitazame filamu ambayo kamati ya wakaguzi haijaipitisha kwa ajili yake, na katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst alikuwa Kasai akitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, vyenye funzo mwishoni. Mwovu aliadhibiwa, mzee wetu angefurahi.

Na kuna kisa cha kuku, ambacho sichoki kukisimulia. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu fupi ya polepole kuwaonyesha wanakijiji wa Kiafrika jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Ilipokwisha waliulizwa wameona nini. Wakasema: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kama kulikuwa na kuku. Ikabidi waikague picha kwa picha, na kweli, kwa kama nukta moja, pembeni chini, kuku alikuwa ameruka kwa kushtuka. John Wilson alikisimulia kisa hicho, mtaalamu wa mawasiliano McLuhan akakiingiza katika kitabu chake cha 1962, na tangu hapo kimerudiwa kama ushahidi kwamba mtu asiyesoma maandishi hawezi kusoma filamu. Mimi nakisoma kinyume. Watu wale waliona ndani ya filamu jambo ambalo mwenye filamu hakuliona katika kazi yake mwenyewe. Kwa mwenye nyumba, kuku aliyeshtuka ni habari: kuna mgeni amepita vibaya uani. Wenye kamera walikuja kufundisha, wakaelezwa jambo juu ya filamu yao, na badala ya kushukuru wakaandika kwamba wanafunzi wao ni wazito. Yule msichana wa mwaka wa nne aliona kuku wake. Mwalimu peke yake ndiye aliyekubali kwamba kuku yumo ndani ya picha.

Nirudi njiani, maana kuna jambo linalonisumbua kuliko mzee wa kanisa, na halikusemwa na yeyote kikaoni.

Nimetaja habari za Daudi. Mfalme alipokwisha kumwua Uria, nabii Natani hakumwendea na sheria mkononi. Alimpa kisa cha tajiri mwenye kondoo wengi aliyemchinja mwanakondoo wa pekee wa maskini. Daudi akawaka hasira, akahukumu, ndipo Natani akamwonyesha kwamba amejihukumu mwenyewe. Mara zote nimewaambia walimu kwamba filamu inafanya kazi ya Natani: inamfanya mtu ahukumu kwa haki kabla hajajua kwamba yeye mwenyewe yumo ndani ya hukumu. Ni hoja nzuri ya kuwaambia watu wa kanisa. Lakini Natani alikuwa na mtu mmoja wa kumwonyesha kidole, naye alikuwa ameketi mbele yake, na alikuwa mfalme. Katika jambo letu Natani angemwonyesha nani? Angesimama Mushaki na kidole kikizunguka: Prefe, mwalimu, mzazi, ofisi, waziri, mimi niliyelipa prime miaka yote bila kuuliza kwa sababu nilikuwa nayo. Kidole kinachozunguka hakimwogopeshi mtu.

Mvulana mmoja wa darasa lile alilisema waziwazi. Baada ya mjadala wote alimwambia mwalimu: Kwa hiyo kila mtu ana sababu yake, hakuna aliyetenda dhambi. Mwalimu anasema hakupata jibu la kumpa, kengele ikalia. Hapo mimi pia nimekwama. Nimesifu filamu kwa sababu inatufundisha kumwelewa kila mmoja kwenye mnyororo. Lakini kuelewa kunaweza kugeuka mto wa kulalia. Mtoto aliyefundishwa kwamba ubaya mkubwa hauna mwenyewe anaweza kukua, akapata ofisi, akakata fungu lake kwa karatasi yenye mhuri, na akatumia somo letu kama utetezi: mfumo ndio ulivyo. Hadithi ya fisi ilikuwa na upungufu wake, ila fisi alijua kwamba yeye ni fisi. Naona pengine hatia ya namna hii haigawanywi sawa, kwamba anayeweza kubadilisha pingili yake bila kufa njaa ana hatia kubwa kuliko asiyeweza. Hilo linanisogeza mbele kidogo. Kisha namkumbuka mwalimu NP mmoja niliyemjua, aliyekataa kumtoa mtoto yeyote darasani mwaka mzima, akala alichokula, na kipimo changu kinavurugika tena, maana yeye aliweza na alikuwa wa chini kabisa.

Nikiwa bado nimekwama hapo, kwa walimu wa uraia wa Masisi na Walikale ambao bado wana saa zao, na ambao barabara na usalama vitawaruhusu, natoa ombi. Ipo filamu nyingine ya Hamadi, En route pour le milliard, ya 2020. Wahanga wa Vita vya Siku Sita vya Kisangani, vya mwezi wa sita 2000, ambamo majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana katikati ya mji usio wao, wanapanda boti na magongo yao na miguu yao ya bandia, wanateremka mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imeihukumu Uganda tangu Disemba 2005. Tarehe 9 Februari 2022, filamu ikiwa imekwisha kutoka, ikapanga kiasi: dola milioni 325, yaani milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa utajiri wa asili, Kisangani na Ituri na kwingineko vikiwa pamoja. Onyesheni filamu, kisha andikeni tarakimu hizo tatu ubaoni na muwaache wanafunzi wapange wenyewe: nani alipwe kwanza, mguu ni kiasi gani, aliyefiwa bila cheti cha kifo athibitishe vipi, na nani ashike funguo za sanduku. Msiwape jibu. Mtakayoyasikia darasani yaandikeni, myalete kwetu wazazi, tuyasome kikaoni kwa sauti kabla ya kupiga kura yoyote.